Kuchagua Waifai ya Meshi kwa Nyumba Yenye Watu Wengi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Zamani mtu akijenga nyumba alifikiria maji, choo na mahali pa kupikia. Siku hizi hapa Karatu hufikiria na intaneti pia. Lakini wengi wetu hununua vyombo vya intaneti kama mtu anunuavyo sukari, tukidhani ya kuwa kadiri vinavyozidi kuwa vingi ndivyo vinavyozidi kufaa. Mimi nami nilidhani hivyo. Katika likizo ya mwezi wa Juni nilijifunza ya kuwa sivyo, na kwa kuwa jambo lenyewe lahusu mawimbi, ambayo tunayasoma katika Fizikia, naona yafaa niwaeleze wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu.

Nitaanza na shida iliyokuwa nyumbani kwetu. Kisha nitaeleza meshi ni kitu gani, jinsi mawimbi yanavyozuiwa, namna ya kupima, na mwisho namna ya kuchagua.

SHIDA ILIYOKUWAKO

Nyumba yetu iko mjini Karatu, si mbali na barabara kuu iendayo lango la Loduare na Kreta ya Ngorongoro. Baba ni dereva wa watalii, na mara nyingi hulala safarini. Mama ana vyumba sita vya wageni nyuma ya nyumba. Dada anasoma katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania akiwa nyumbani. Bibi huongea na shangazi aliye Mwanza kwa simu ya picha kila Jumapili jioni. Mdogo wangu yuko darasa la sita, naye hupenda michezo ya kwenye simu. Ukiongeza wageni, jioni moja huweza kuwa na simu na kompyuta zaidi ya ishirini zinazotaka intaneti kwa pamoja.

Intaneti yetu huingia sebuleni kwa waya, na tunalipia megabiti 20 kwa sekunde. Hata hivyo Dada alikuwa akikatikiwa katikati ya masomo. Wageni walinung'unika. Mama alimpoteza mgeni mmoja kwa sababu ujumbe wake wa kuomba chumba uliingia kwenye simu asubuhi ya pili yake, akiwa amekwisha pata mahali pengine.

Lawama zote zilimwangukia mdogo wangu. Ilisemwa ya kuwa michezo yake ndiyo inayokula intaneti ya nyumba nzima. Alinyang'anywa simu wiki tatu, na alipokana aliambiwa asijibizane na wakubwa. Lakini katika wiki hizo tatu intaneti haikupata nafuu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Baba aliporudi alikuwa amekwisha azimia kununua seti ya vituo vitatu vya meshi. Bei yake ilikaribia fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya ada ya Dada. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Mzee, chukua vitatu, nyumba nzima itawaka." Nilimwamkia Baba, nikamwomba anipe siku nne nipime kwanza. Alinitazama kidogo akasema, "Haya, lakini siku ya tano nanunua."

MESHI NI KITU GANI

Ruta ni chombo kinachopokea intaneti kutoka kwenye waya na kuitangaza hewani. Ruta moja ni kama msemaji mmoja katika mkutano mkubwa: walio karibu wanamsikia vizuri, walio mbali wanasikia nusu nusu. Meshi ni vituo viwili au zaidi vinavyopokezana habari. Kituo cha kwanza hushikamana na waya wa intaneti, na vingine humsaidia. Vyote hutumia jina moja la mtandao na neno la siri moja, hata mtu akitembea kutoka sebuleni mpaka uani simu yake huhama kutoka kituo hiki hadi kile bila ya yeye kufanya lolote.

Fikra hii si mpya sana. Kanuni ya kimataifa ya meshi, iitwayo 802.11s, ilikubaliwa mwaka 2011. Mwaka 2016 kampuni za Marekani kama eero, Google na Netgear zilianza kuwauzia watu wa kawaida vituo vya namna hii kwa matumizi ya nyumbani. Huku kwetu Afrika ya Mashariki fikra hiyo hiyo ya kupokezana imesaidia hata mitaa mizima. Huko Kibera, Nairobi, mtandao wa jamii uitwao TunapandaNET huunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena zinazotazamana kutoka paa hadi paa.

Ili kufahamu vizuri, fikiria Kreta ya Ngorongoro. Kuta zake zimeinuka kama mita 600 kutoka chini. Mtu aliye chini hawezi kumwona mtu aliye upande wa nje, wala huyu hawezi kumwona yule. Lakini mtu wa tatu akisimama ukingoni, huweza kuwaona wote wawili, na akapokea neno la huyu akampa yule. Huyo wa ukingoni ndiye kituo cha meshi. Sasa angalia jambo hili: akiondoka ukingoni akaenda kusimama kando ya yule wa nje, hatakuwa na faida yoyote, maana naye hatamwona aliye ndani. Mjumbe asiyesikia hana habari ya kupeleka. Nawaomba mlishike neno hili, kwa sababu mimi niliyekuwa nikijiona mjuzi ndilo lililonikosesha, kama nitakavyoeleza.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba meshi haizalishi intaneti. Inagawa tu ile iliyoingia. Ikiwa megabiti 20 ndizo zinazoingia kwenye waya, hata ukiweka vituo kumi hazitakuwa 21.

Jambo la tatu ni kwamba kupokezana kuna gharama yake. Kituo chenye redio moja hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja katika masafa yale yale. Kwa hiyo kikipokea hewani na kutoa hewani, uwezo wa njia ile hupungua hadi kama nusu. Njia ikiwa na uwezo wa megabiti 100, utabaki na kama 50, na hutaona upungufu wowote ikiwa umelipia 20. Lakini njia ikiwa dhaifu, yenye uwezo wa megabiti 12, utabaki na 6, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Basi kituo kikae mahali ambapo bado kinasikia vizuri.

UKUTA, BATI NA MAJI

Waifai ni mawimbi ya redio. Hutumia zaidi masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Tumefundishwa ya kuwa urefu wa wimbi ni mwendo wake ukigawanywa kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Mwendo wa mawimbi haya ni mita 300,000,000 kwa sekunde. Ukigawanya kwa 2,400,000,000 unapata mita 0.125, yaani sentimita 12 na nusu. Ukigawanya kwa 5,000,000,000 unapata sentimita 6.

Tofauti hii ina maana nyumbani. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini hubeba habari kidogo zaidi, na nafasi yake ni finyu. Majirani wengi wakitumia masafa hayo, njia zisizoingiliana ni tatu tu, namba 1, 6 na 11. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba habari nyingi na yana njia nyingi, lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta.

Ukuta wa mbao huyapunguza kidogo. Ukuta wa tofali za saruji huyapunguza zaidi, na zege lenye nondo zaidi tena. Bati, mlango wa chuma na nondo za dirishani huyarudisha yalikotoka kama kioo kinavyorudisha mwanga. Maji huyameza. Kwa sababu hiyo tangi lililojaa maji ni ukuta mbaya kuliko ukuta, ingawa machoni petu ni plastiki tu.

NAMNA YA KUPIMA

Hapa sikutumia chombo cha thamani. Nilitumia simu ya Mama, karatasi na penseli. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya waifai kwa namba, na nyingine zinazopima mwendo wa intaneti. Nguvu huandikwa kwa namba hasi. Namba ikiwa karibu na sifuri, nguvu ni kubwa. Kipimo cha -50 ni kizuri sana, -67 ndicho ambacho mafundi wengi hukitaka kwa simu za picha, na -80 karibu hakifai kitu. Kila kipimo kikishuka kwa 3 nguvu hubaki nusu, na kikishuka kwa 10 hubaki sehemu moja ya kumi.

Kwanza nilipima mwendo wa intaneti kwenye ruta yenyewe, kwa kompyuta ya Dada iliyounganishwa kwa kebo. Nilipima asubuhi na saa mbili usiku, siku mbili. Nilipata megabiti 19 hadi 20. Hatua hii isirukwe kamwe. Kama ningepata 4, meshi isingefaa kitu. Ingepasa kwenda kwa anayetuuzia intaneti.

Pili, nilichora ramani ya nyumba na uwanja, nikaandika kipimo cha kila mahali. Sebuleni karibu na ruta nilipata -42. Chumba cha wazazi -58. Chumba cha Dada, kilicho mwisho wa nyumba, -74, na mwendo wa megabiti 5. Jikoni, ambako ndiko Mama anakoweka simu yake mchana kutwa, -79. Kwenye mlango wa chumba cha kwanza cha wageni, hatua kama 40 kutoka sebuleni, -84, na humo ndani simu ilikuwa ikishika na kuachia.

Tatu, nilimjaribu mdogo wangu. Nilimrudishia simu kwa saa moja, kwa ruhusa ya Mama, akacheza mchezo wake sebuleni nami nikapima. Megabiti 20 zikawa 19. Kwa hakika mchezo wenyewe hutumia habari kidogo sana. Kinachokula ni kupakua mchezo mpya au masahihisho yake, na hilo laweza kufanywa usiku watu wamelala. Picha za video za kiwango cha juu ndizo kubwa, maana filamu moja ya namna hiyo hutaka kama megabiti 5 kwa sekunde muda wote. Basi wageni wanne wakitazama filamu kwa pamoja, megabiti 20 zimekwisha, na mtoto yuko usingizini.

Siku ya tatu maji ya bomba yalikatika tangu alfajiri, na hadi jioni tangi letu la lita 5,000 lililo kati ya nyumba na vyumba vya wageni likabaki tupu. Nilipopima tena kwenye mlango ule ule, kwa simu ile ile, nilipata -75 badala ya -84. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Tofauti ya 9 ni nusu ya nusu ya nusu kugeuzwa, yaani nguvu ilikuwa imeongezeka mara nane. Maji yaliporudi usiku na tangi kujaa, kipimo kikarudi -83. Tangi hilo lilijengwa mwezi wa Januari, na malalamiko ya wageni yalianza baada ya hapo.

Usiku ule nilimwonyesha Baba karatasi yangu. Aliisoma kimya, kisha akamwita mdogo wangu akamrudishia simu yake. Akasema, "Mwanangu, tulikuhukumu kwa kosa la tangi la maji. Nisamehe." Sikupata kumsikia Baba akisema hivyo mbele ya watu wote. Mdogo wangu aliipokea simu kwa mikono miwili, lakini hakucheza usiku ule.

KOSA LANGU

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Mjomba, mwenye duka la vifaa vya shule, aliniazima seti yake ya meshi ya vituo viwili kwa kuwa duka lilikuwa limefungwa. Mimi nikafikiri kama anavyofikiri kila mtu: kituo ni kama taa, basi nikiweke penye giza. Nikakiweka ndani ya chumba cha wageni. Taa yake ikawa nyekundu, na mwendo haukufika hata megabiti 1. Nilikuwa nimemtoa mjumbe ukingoni nikamsimamisha mahali asiposikia.

Ndipo nilipoanza upya kwa utaratibu. Kwanza nilihamisha kituo kikuu kwa kebo ya mita 8. Ruta ilikuwa imekaa chini, nyuma ya televisheni na kisimbuzi, kando ya dirisha lenye nondo. Nilikiweka kituo juu ya ukuta wa ukumbi mwembamba ulio katikati ya nyumba. Chumba cha Dada kikatoka -74 hadi -61, na jikoni -79 hadi -66. Haya yote yalipatikana kabla ya kituo cha pili kuwashwa.

Kisha nilikiweka kituo cha pili kwenye dirisha la nyuma la chumba cha Dada, ambako kingeweza kutazama vyumba vya wageni kwa upande, bila kupita katika tangi. Vyumba vya wageni vikapata megabiti 9. Mwisho, Mjomba aliniletea kebo ya majaribio ya mita 50. Nikaipitisha uwanjani hadi kwenye baraza ya wageni, nikaunganisha kituo cha pili kwa kebo badala ya hewani. Wageni wakapata megabiti 19, na kipimo cha -52. Vituo viwili na kebo vilifanya kazi ambayo vitatu vya hewani pengine visingeiweza, kwa sababu kebo haijali tangi.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kutokana na hayo naweza kutoa mashauri haya kwa mtu anayetaka kununua.

1. Ramani kwanza, duka baadaye. Hesabu ya vituo itokane na kuta na umbali, si na maneno ya muuzaji. Nyumba nyingi za kawaida zinatosheka na ruta moja iliyowekwa mahali pema. Ukiwa na nyumba ya pili uani, fikiria vituo viwili.

2. Kama unaweza kupitisha kebo, pitisha. Kebo ya mtandao hufaa hadi mita 100. Chagua ya shaba tupu, si ya alumini iliyopakwa shaba, na ikiwa inapita nje iwe ya aina ya nje isiyoharibiwa na jua. Ipite ndani ya bomba lake yenyewe, mbali na nyaya za umeme. Kwa kuwa kebo ya shaba kati ya majengo mawili huweza kuleta madhara ya radi, mtake ushauri fundi wa umeme, na ngurumo zikianza chomoa. Kebo ya faiba haipitishi umeme, nayo ni salama zaidi kwa kazi hiyo, ingawa hutaka vifaa vyake.

3. Kama kebo haiwezekani, tafuta meshi yenye bendi tatu, ambayo redio moja yaweza kuachwa kwa mazungumzo ya vituo vyenyewe. Bei yake ni kubwa zaidi. Kwa anayetumia kebo, bendi mbili zinatosha.

4. Usidanganywe na namba za kwenye sanduku. AC1200 maana yake ni megabiti 300 za bendi moja na 867 za bendi nyingine zikijumlishwa na kukadiriwa, katika hali njema kupita zote. Hakuna simu itakayokupa jumla hiyo. Angalia pia matundu ya kebo. Kwa mfano, TP-Link Deco E4 na Deco M4 zote huitwa AC1200, lakini matundu ya E4 ni ya megabiti 100 na ya M4 ni ya megabiti 1,000. Kwa mwenye intaneti ya megabiti 20 yoyote kati ya hizo ingetosha. Kwa mwenye megabiti 200 ya kwanza ingembana. Vile vile kumbuka ya kuwa biti 8 ni baiti 1, hivyo megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5 tu.

5. Umri wa kanuni. Wi-Fi 5 ni ya mwaka 2013, na Wi-Fi 6 ilikubaliwa rasmi mwaka 2021. Wi-Fi 6 huhudumia vifaa vingi kwa pamoja kwa utaratibu bora, jambo ambalo ni faida katika nyumba yenye watu wengi. Lakini faida hiyo huipata simu yenye Wi-Fi 6 nayo. Simu za zamani zitafanya kazi, ila kwa mwendo wake wa zamani.

6. Vituo viwe vya jamaa moja. Vituo vya watengenezaji mbalimbali mara nyingi havielewani. Tangu mwaka 2018 kuna kanuni iitwayo EasyMesh iliyokusudiwa kuvipatanisha, lakini si vyote vinavyoifuata.

7. Umeme. Kila kituo kinataka umeme wake. Umeme ukikatika na kituo kikuu kikazimika, vyote vimenyamaza. Betri ndogo ya akiba kwa kituo kikuu ni fedha iliyotumika vizuri. Tazama pia kama plagi yake ni ya miguu mitatu ya mraba tunayotumia hapa, na kama kinapokea volti 230.

8. Uhalali na dhamana. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ndiyo inayothibitisha vifaa vya mawasiliano nchini. Uliza kama kifaa kimethibitishwa, dai risiti, na uliza kama utaweza kukirudisha kisipofika unakotaka.

BAADA YA KUNUNUA

Kazi haiishii dukani. Kama ruta ya zamani inabaki, hakikisha ni chombo kimoja tu kinachogawa anwani za mtandao, na meshi iwekwe katika hali ya kusambaza tu. Vikigawa vyote viwili, vifaa vya nyumbani havitaonana vizuri. Badilisha neno la siri la usimamizi lililokuja na chombo. Tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3. Wageni wapewe mtandao wao wenye neno la siri jingine, uliotengwa na simu na kompyuta za nyumbani, na uwekewe kikomo cha mwendo. Sisi tumewawekea megabiti 10, ili zilizobaki 10 ziwe za masomo ya Dada na kazi ya Mama.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna chombo kinachoweza kulifanya, nalo ni kupatana. Nyumbani tumeandika karatasi na kuibandika ukumbini: masahihisho ya simu na michezo hupakuliwa baada ya saa nne usiku, na Dada akiwa na mtihani hakuna filamu. Bibi ameomba Jumapili yake isiguswe, na haikuguswa.

MWISHO

Siku ya tano Baba alikwenda dukani kama alivyosema, lakini akanunua seti ya vituo viwili na mita 50 za kebo. Fedha iliyobaki aliiongeza kwenye ada ya Dada, ambayo sasa imelipwa yote.

Wasomaji wapenzi, sisemi ya kuwa meshi ni mbaya. Kwetu imesaidia sana. Nasema ya kuwa anayenunua bila kupima hununua mara mbili, na anayelaumu bila kupima humwonea mtu. Vipimo vyangu havikuwa vya ajabu. Ni karatasi moja, penseli na siku nne. Lakini viliokoa fedha, na vilimrudishia mtoto heshima yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mahali pamoja simu inaonyesha -55 na mahali pengine -65. Nguvu ya kwanza imeizidi ya pili mara ngapi?

2. Megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti ngapi kwa sekunde?

3. Wi-Fi nyingine hutumia gigahezi 6. Urefu wa wimbi lake ni sentimita ngapi?

4. Chora ramani ya nyumba yenu. Onyesha kuta za saruji, milango ya chuma, na matangi ya maji. Weka alama mahali ambapo ungeweka ruta, na eleza kwa nini. Kwa kuwa shuleni hatuna simu, vipimo vyenyewe vingoje likizo.

Majibu ya matatu ya kwanza: mara 10, megabaiti 5, sentimita 5. Jibu la nne ataliona kila mtu nyumbani kwao.